Dadangu si mvivu, ana usingizi

Jumamosi ya midtemu, saa nane mchana, nyumbani kwetu Free Area. Dadangu mdogo, yuko Kidato cha Tatu, amelala kwenye kochi tangu saa tano. Hajavua hata soksi za shule. Daftari la Biolojia liko kifuani, kalamu imeanguka chini, mdomo uko wazi kidogo. Mama anapita na beseni la nguo akienda kuanika, anasimama, anamwangalia, kisha ananigeukia mimi utadhani ndiye niliyemlaza: "Kwani huyu amekuwa mvivu aje? Mtihani uko karibu na mtu analala mchana kama paka?"

Nikamwambia, "Mama, mwache tu."

Akasema hata mimi nilikuwa nalala hivyo hivyo, na sote tunajua nilifika wapi.

Hapo alinimaliza. Kama hii ni mara yako ya kwanza kunisoma, mimi niliacha chuo nikiwa mwaka wa pili. Nitarudi hapo baadaye, usijali. Kwanza wacha nikuambie alichosema dadangu alipoamka, maana hicho ndicho kilinifanya nikae chini niandike.

Shuleni kwao kengele ya kuamka inalia saa kumi na nusu alfajiri. Saa kumi na moja wako darasani kwa prepu ya asubuhi. Masomo yanaanza saa mbili yanaisha saa kumi jioni, halafu usafi, michezo kama ipo, chakula, prepu ya usiku mpaka saa nne. Taa zinazimwa saa nne na nusu. Piga hesabu mwenyewe: masaa sita kitandani, na hayo ni kama hakuna anayekoroma na hakuna aliyeamka saa tisa kuwahi foleni ya maji. Na ukisinzia darasani? Unasimama nyuma mpaka kipindi kiishe. Ukisinzia ukiwa umesimama, unatumwa kunawa uso, na unajua maji ya huku kwetu yalivyo mwezi wa Julai. Wengine, akasema, wanatumbukiza miguu kwenye karai la maji baridi wakati wa prepu ili usingizi uwaogope. Aliniambia hilo kama mtu anayekupa mbinu nzuri ya kusoma. Hakuona ajabu yoyote. Hata mimi nilifanya hivyo nikiwa shule, na pengine wewe pia.

Shule yenyewe siitaji jina, kwa sababu hata si hiyo moja. Uliza wanafunzi wa bweni unaowajua, kuanzia Naivasha mpaka Molo, wakusomee ratiba yao. Utaniambia.

Sasa shika hii. Kuna Kanuni za Elimu ya Msingi za mwaka 2015, zilizotungwa chini ya Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013. Zimeandika saa za shule wazi kabisa. Masomo ni saa mbili asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri. Prepu ya usiku kwa shule za bweni ni saa moja na nusu hadi saa tatu na nusu. Kulala ni kuanzia saa tatu na nusu usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Hayo ni masaa nane na nusu. Madaktari wa usingizi wa Marekani wanapendekeza masaa nane hadi kumi kwa kijana wa miaka 13 hadi 18. Yaani Kenya, kwenye karatasi, iko sawa kabisa. Hatuhitaji mzungu kuja kutufundisha.

Lakini dadangu analala sita. Anakatwa masaa mawili na nusu kila usiku, na kwa siku tano za masomo hayo ni masaa kumi na mawili na nusu. Mtu aliyekatwa hivyo muhula mzima, siku akipata kochi, unataka afanye nini? Ashone vitambaa?

Najua kuna mtu anasema, sawa, amechoka, lakini mchana ni wa kusoma, atalala usiku. Hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo, kwa sababu sisi tumezoea kuamini kwamba ukilala umeacha kusoma. Kumbe kusoma kunaendelea.

Mchana mimi niko kwenye kibanda cha M-Pesa, kwa hivyo niruhusu nieleze kwa lugha ya kibandani. Asubuhi naanza na floti. Wateja wanakuja kuweka pesa: huyu elfu mbili, yule elfu tano. Kila mmoja akiweka, droo inajaa noti na floti inapungua. Ikifika saa saba droo imejaa lakini floti imeisha. Mteja akija na pesa zake mkononi namwambia arudi baadaye. Si kwamba nimekuwa mjinga wala mvivu. Lazima nifunge kidogo, nikimbie benki, zile noti ziingie mahali salama, nipate floti tena. Nikikataa kufunga kwa sababu eti napoteza wateja, nitakaa pale mpaka jioni nikiwafukuza hao hao wateja.

Kwenye ubongo kuna sehemu inaitwa hipokampasi, na ni kama kile kibanda. Mambo mapya unayosoma yanashikiliwa hapo kwanza. Ukilala, ubongo unayapitia tena, unaanza kuyahamishia kwenye gamba la ubongo, ambako yanakaa muda mrefu. Na ile sehemu ya mwanzo inapata nafasi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley walichapisha jaribio la namna hiyo mwaka 2011. Vijana walisoma mambo mapya mchana, kisha baadhi wakalala kama saa moja na nusu na wengine wakakaa macho. Jioni wote wakapewa mambo mengine ya kusoma. Waliokaa macho uwezo wao wa kushika ulikuwa umeshuka. Waliolala hawakushuka.

Hiyo ni upande wa kuingiza. Upande wa kukumbuka, jaribio ninalolipenda zaidi ni la Singapore, la watafiti wa Duke-NUS, lililochapishwa 2019. Walichukua wanafunzi 84 wa chuo, wakawapa masomo magumu kuhusu aina za sisimizi na kaa. Ndiyo, sisimizi na kaa, vitu ambavyo hakuna mtu alikuwa anavijua, ili asiwepo mwenye faida. Wakasoma dakika 80. Halafu wakapewa saa moja: kundi la kwanza likalala, la pili likaendelea kukariri yale yale, la tatu likatazama filamu. Kisha wote wakasoma dakika 80 nyingine.

Baada ya nusu saa wakapimwa. Waliokariri na waliolala wote waliwashinda wa filamu. Hapo mwalimu wa zamu anaweza kusema, si mnaona, kukariri kunafanya kazi? Ngoja. Baada ya wiki moja wakapimwa tena. Faida ya waliokariri ilikuwa imeyeyuka. Waliolala peke yao ndio walibaki mbele ya wale wa filamu kwa tofauti ya kueleweka. Saa ile ile moja, na huyu hata kitabu hakugusa.

Niliposoma hiyo nilinyamaza kwa muda, kwa sababu nilijiona mimi mwenyewe pale, kwenye kundi la pili.

Nikiwa chuo (jina pia silitaji, kiko kaunti hii hii) nilipata kibarua cha usiku kwenye kituo cha mafuta kwenye barabara kuu. Saa mbili usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi nikijazia malori yanayoelekea Eldoret na Malaba. Asubuhi naruka matatu, saa mbili niko kwenye ukumbi wa mihadhara. Nilikuwa najivunia sana. Nilikuwa nawaambia watu kwamba kulala ni kwa wenye pesa. Kati ya lori na lori nilikuwa nasoma chini ya taa za kituo. Kuna CAT moja ya takwimu niliisomea hivyo usiku kucha, nikaingia moja kwa moja, nikapata 24 kwa 30. Nikaona nimeshinda mfumo. Miezi miwili baadaye, mtihani wa mwisho, lilikuja swali ambalo nakuapia lilikuwa pacha wa lile la CAT. Nililitambua. Nilikumbuka hata ukurasa wa daftari lilipokuwa, upande wa kushoto, chini, kando ya doa la chai. Kilichoandikwa pale? Hakuna kitu. Kama maji kwenye kikapu.

Mchana nilijaribu kulala maktabani, kichwa juu ya mikono. Askari alikuwa anapita akigonga meza kwa rungu: "Kijana, hapa si kwenu." Baada ya muda nikaacha kwenda maktabani. Baada ya muda mwingine nikaacha kwenda darasani. Mitihani ya kurudia ikawa mitatu, halafu mitano.

Nisikudanganye, sikuacha chuo kwa sababu ya usingizi. Niliacha kwa sababu ya karo, na hata ningelala kama mfalme ile karo ingebaki pale pale. Lakini kulikuwa na wakati ningeweza kuokoa ule mwaka, na nilikuwa nakesha nikidhani ndiyo naokoa. Hilo ndilo linaniuma. Mama akisema nililala mpaka nikaanguka, ananiumiza kwa sababu ni kinyume chake.

Halafu kinachonishangaza ni huu unafiki wetu. Toka hapa Nakuru, pita Eldama Ravine, panda mpaka Kaptagat anakofanyia mazoezi Eliud Kipchoge. Yule ndiye alikimbia Vienna, Oktoba 12, 2019, kilomita 42 kwa saa 1:59:40, na nchi nzima ikapiga kelele. Anajulikana kwa kukimbia asubuhi mapema na kulala mchana. Wakimbiaji wengi wa huko juu hufanya hivyo: mbio, chai, usingizi, mbio tena jioni. Umewahi kusikia mtu akimwita Kipchoge mvivu? Kocha akiona mwanariadha amelala saa nane mchana anafunga mlango polepole. Mwalimu akiona mwanafunzi amelala saa nane mchana anatafuta chaki ya kumrushia.

Utaniambia miguu si akili. Sawa. Basi tazama watoto wa chekechea, hao tunawatandikia mkeka na kuwalaza mchana bila kuuliza. Huko Massachusetts, Marekani, utafiti wa 2013 ulikuta kwamba watoto wa umri huo wakilala mchana wanakumbuka zaidi mchezo waliofundishwa asubuhi, na wakinyimwa huo usingizi, hata usiku ukija hawalipi walichopoteza. Sasa mtoto huyo huyo akifika Gredi ya Nne, basi la shule linampitia hapa Free Area saa kumi na moja na nusu, giza bado, na ukichungulia unaona vichwa vidogo vimeegemea vioo. Usingizi hawajauacha. Sisi ndio tumeuhamishia kwenye basi.

Watu wa Pwani wana neno lake, kailula, usingizi wa baada ya adhuhuri. Lamu mchana maduka yanafungwa na mji unatulia. Sisi wa bara tumechukua saa ya reli ya mkoloni tukaifanya dini. (Hilo ni langu, msiwabebeshe wanahistoria.)

Nilimpelekea haya yote rafiki yangu ambaye ni mwalimu wa sekondari. Alisikiliza, ni mtu mzuri, kisha akaniuliza, "Silabasi itaisha lini?" Pia akauliza nani atawaamsha watoto mia nane baada ya kulala, na nani atahakikisha wanalala kweli badala ya kupiga stori. Maswali ya haki hayo. Lakini alisema jambo lingine ambalo lilinigonga zaidi: kwamba mwalimu mkuu akipunguza prepu ya alfajiri, wazazi ndio wa kwanza kulalamika. Na ni kweli. Sisi ndio tunachagua shule kwa kuuliza wastani wa KCSE. Sisi ndio tunajisifu kwenye matatu, "Shule ya mtoto wangu hawachezi, saa kumi wako darasani." Mama yangu alisema hivyo kwa jirani siku dadangu alipopata nafasi. Nilikuwepo. Nilikuwa nimebeba sanduku.

Kwa hivyo mimi siombi makubwa. Katika ile saa moja ya chakula cha mchana, dakika ishirini za kimya. Umekula githeri yako, umerudi darasani, kichwa kwenye deski, hakuna kengele, hakuna kiranja wa kelele anayeandika majina. Asiyetaka kulala akae kimya. Kwa nini ishirini? Kwa sababu ukilala muda mrefu zaidi unazama, na ukiamshwa kutoka huko chini unaamka mzito kama umepigwa. Watafiti wa Australia mwaka 2006 walilinganisha dakika tano, kumi, ishirini na thelathini, na dakika kumi ndizo ziliwaamsha watu wakiwa wachangamfu mara moja. Wa thelathini walianza na uzito kwanza. Na iwe kabla ya saa tisa, la sivyo unaiba usingizi wa usiku na tutakuwa hatujafanya kitu.

Tena nikuambie ukweli wote ili usije ukanishika baadaye. Majaribio mengi ya kumbukumbu, likiwemo lile la Singapore, yalitumia usingizi wa saa moja au zaidi. Kuna moja la Düsseldorf, Ujerumani, la 2008, ambapo dakika kama sita tu zilisaidia watu kukumbuka orodha ya maneno, lakini mimi singejenga nyumba juu ya hilo. Dakika ishirini kazi yake kubwa ni kukuamsha akili kwa ajili ya vipindi vya mchana, na hiyo peke yake si haba, kama umewahi kukaa kwenye Historia saa nane na nusu, jua likipiga mabati. Kuhamisha mzigo mkubwa kunafanyika usiku. Kwa hivyo shule ikikupa dakika ishirini za mchana na kuendelea kukuamsha saa kumi na nusu, imekupa peremende na kukunyima chakula.

Na wewe unayesoma shule ya kutwa, unaishi Rhonda au Kaptembwa chumba kimoja watu sita, sijakusahau. Usiku redio ya jirani, asubuhi welda ameanza kabla hujanawa. Wewe ndiye hizo dakika za shuleni zitakufaa kuliko yeyote, kwa sababu nyumbani hakuna kochi la kulalia mchana wala mlango wa kufunga. Mtu akikuambia kapumzike nyumbani, muulize nyumbani gani. Mpaka shule yako ikubali, tafuta kona baada ya chakula, mwambie rafiki mmoja akuamshe, na mfanye zamu. Mikono juu ya deski, sweta iwe mto. Hakuna gharama.

Ndiyo, najua, mimi naandika haya saa saba usiku. Usinifuate mimi.

Dadangu alirudi shule Jumapili. Nilimsindikiza mpaka steji, nikamnunulia mkate na maji, akaomba kiti cha dirishani. Mkutano wa wazazi ni mwezi ujao. Mama hawezi kwenda, siku hiyo ni ya soko, kwa hivyo naenda mimi. Nimechapisha ule ukurasa wa Kanuni za 2015, shilingi kumi kwa cyber, na nimeupigia mstari pale pa saa tatu na nusu hadi saa kumi na mbili. Mama ameniambia nisiende kuleta shida, mtoto asije akarudishwa nyumbani kwa sababu ya mdomo wangu. Ana haki ya kuogopa. Nimemwahidi nitainua mkono, niongee kwa heshima, niulize swali moja tu, kisha nikae.

Jana jioni aliuliza ile karatasi iko wapi. Nilidhani anataka kuitupa. Akaikunja vizuri, akaiweka ndani ya bahasha pamoja na risiti za karo.